Dengu za Jirani

3 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Dada na watoto wake. Mimi nimefika salama.

Kazi nimeanza. Ni kiwanda kikubwa cha matenki ya maziwa. Chuma chake ni kile kisichoshika kutu, laini kama sahani, na ukikosea kukichomelea kinageuka bluu. Hapo msimamizi anakuja, anasimama, anakitazama bila kusema neno, na hilo linauma kuliko matusi. Nashukuru bado hajasimama sana kwangu. Chumba kiko ghorofani, juu ya duka la matairi, tunakaa watatu, na nguo zangu zote sasa zinanuka mpira. Kupika chumbani ni marufuku. Mwenye nyumba amebandika mlangoni picha ya sufuria iliyopigwa msalaba, ili hata sisi tusiojua lugha tusijifanye hatukuelewa.

Najua utauliza nakula nini, kwa hiyo nakuambia mwenyewe kabla Dada hajakuambia. Ni tabu. Hapa nyama imo kwenye kila kitu. Kantini nilimchorea mama mgawaji ng'ombe, nikampiga mstari. Akacheka, akaniletea kuku. Nikamchora kuku, nikampiga mstari. Akaniletea samaki. Siku nyingine akaniwekea maharage, nikafurahi, kumbe nyama imejificha chini. Nikamwonyesha. Akachukua kijiko akavitoa vile vipande kimoja kimoja mbele ya foleni nzima, kisha akanirudishia sahani kwa uso wa mtu aliyetenda wema. Tangu hapo nakula mkate, chai na ndizi.

Najua utacheka. Cheka tu, ila usiwasomee watu wa benchi la bucha.

Mwanao


26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata. Hapa hatujambo.

Nimecheka, sikufichi. Nilikuambia tangu ukiwa darasa la tano, siku uliposukuma sahani ukasema nyama huli tena. Nilikuambia dunia nzima inakula, wewe utakwenda kuishi wapi? Mtoto wa mwenye bucha asiyekula nyama ni kama mtoto wa fundi viatu anayetembea peku. Watu hawamtazami mtoto, wanamtazama baba. Haya, umekwenda mpaka huko na umekuta ni yale yale. Mkataa pema, pabaya panamwita.

Bucha linakwenda. Siku hizi mshirika wangu ndiye anayefungua asubuhi, mimi naingia mchana. Si uvivu. Viatu vimeanza kunibana, nadhani ngozi yake imekauka, kwa hiyo navaa kandambili, na kandambili na sakafu ya bucha havipatani.

Jambo jingine. Kuna jirani hapa ameambiwa aache nyama. Mtu mzima, maisha yake yote hajui kuchemsha hata maji. Ameniuliza zile dengu ulizokuwa ukijipikia hapa nyumbani, kwenye kile kisufuria chako, zinapikwaje. Nikamwambia nitakuuliza. Ukipata nafasi andika, usipopata basi.

Baba yako


20 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Shemeji na watoto hawajambo? Cherehani mpya inaendeleaje?

Mimi nipo, ila suruali naifunga kwa kamba. Nimejaribu kununua mboga sokoni, lakini nitazipikia wapi? Juzi nilikula kabichi mbichi nimekaa kwenye ngazi, na mwenzangu mmoja wa chumbani akapiga picha kuipeleka kwao.

Nakuandikia kwa sababu ya Baba. Ameniuliza mapishi ya dengu. Baba huyu huyu, ambaye kila alipokiona kisufuria changu jikoni aliuliza nani anawachemshia njiwa chakula. Anasema ni za jirani. Jirani gani, Dada? Upande wa kulia kuna yule mjane, na yeye anapika kuliko sisi sote. Upande wa kushoto ni ukuta wa shule. Nahisi ananitega. Anataka niandike ili akasome bucha, wapate la kusema jioni nzima kuhusu Sungura. Jina lenyewe hilo walinipa wao, nikiwa mtoto, na yeye hakuwahi kumkataza mtu.

Niambie kweli.

Mdogo wako


9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Nina sare za shule nzima za kushona, vidole vimekuwa kama mto wa sindano, usinione kimya.

Jirani yupo. Ni mtu wa heshima zake na hataki jina lake lizungumzwe, kwa hiyo usinibane. Mwandikie Baba. Andika kama unamwandikia mtu ambaye hajawahi kushika mwiko, hatua kwa hatua, usiruke hata moja. Na andika herufi kubwa kidogo. Nakuomba kama dada yako, na unajua mimi si mwombaji.

Ukali wa Baba unaujua. Siku nyingine mtu anauliza jambo kwa mzaha kwa sababu hajui kuliuliza kwa njia nyingine. Basi, sitasema zaidi.

Kula hata kama ni kabichi.

Dada yako


30 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Mwambie jirani yako hivi. Achukue dengu kikombe kimoja, azichambue, azioshe mpaka maji yawe meupe. Aziloweke tangu asubuhi. Akate kitunguu kimoja, akikaange kwa mafuta kidogo mpaka kilainike, asisubiri kiwe cheusi. Aweke nyanya mbili, azikoroge mpaka zisagike. Ndipo atie dengu na maji yazipite kwa upana wa vidole viwili. Aziache. Kosa la watu ni kutoziacha. Zikiiva atazijua, zinaacha kugombana na kijiko.

Nami nina habari njema. Nyuma ya kiwanda kuna mgahawa mdogo wa mama mmoja mzee. Niliingia kwa sababu ya mvua tu. Nikamwambia yale maneno niliyofundishwa na mwenzangu, "bila nyama", sijui niliyatamkaje, maana alinitazama kama nimemuuliza njia ya kwenda mwezini. Kisha akanishika mkono akaniingiza jikoni, akafunua sufuria moja baada ya nyingine, na mimi natikisa kichwa, hapana, hapana, hapana. Akafikiri. Akachukua sufuria ndogo, akaweka viazi, karoti na maharage, akanikalisha kwenye kigoda hapo hapo jikoni nisubiri.

Sasa kila siku kabla hajatia nyama kwenye chungu kikubwa, anachota changu pembeni. Nimeacha kufunga suruali kwa kamba. Na hajaniuliza kwa nini sili nyama, Baba. Ni mtu wa kwanza ambaye hajaniuliza.

Mwanao


24 Mei

Mwanangu,

Marahaba.

Jirani amejaribu. Za kwanza ziliungua mpaka kitongoji kikajua. Za pili zilikuwa na mawe, maana alidhani kuchambua na kuosha ni kitu kimoja, nusura avunje jino, na hayo meno hana ya kuchezea. Za tatu zimelika. Ila anasema ni kama kula gazeti, kwa sababu chumvi nayo wamemkataza. Anauliza hakuna kitu kingine cha kuziamsha?

Anasema pia, na haya ni maneno yake, si yangu, kwamba hakujua ni kazi namna hii. Anasema mtoto wa shule aliyejipikia peke yake miaka yote ile, watu wanamcheka na yeye anakoroga tu, lazima alikuwa na moyo wa pekee. Nimekufikishia kama alivyosema.

Huyo mama mzee umshukuru kwa niaba yangu. Kama humwezi kwa maneno, mbebee maji, mfagilie, mtu anaelewa.

Mwandiko usiushangae. Vidole vimekuwa vizito, ni baridi.

Baba yako


17 Juni

Baba,

Shikamoo.

Wiki iliyopita aliletwa kiwandani fundi rangi mmoja kutoka kwetu, mtoto wa yule mama muuza mkaa wa karibu na bucha. Nilifurahi kumwona mpaka nikamkumbatia. Tulipokaa kula, aliniangalia sahani yangu, akaanza kucheka, akasema, "Kumbe ni kweli. Sungura wa dengu ni wewe." Nikamuuliza anasema nini. Akasema, "Baba yako anatuchekesha bucha nzima. Anasema umemwandikia dengu, eti aonje, na yeye anakwenda sokoni kuzinunua kwa ajili ya mzaha. Watu wanakuja hata wasionunua nyama."

Kwa hiyo hayupo jirani. Nilijua tangu mwanzo, na Dada akaniambia yupo, na nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Ile barua yako ya mwisho niliisoma mara nyingi, Baba. Nilikuwa natembea nayo mfukoni. Yale maneno ya moyo wa pekee niliyasoma hata wakati wa kazi, nimevua miwani ya kuchomelea. Sasa nimejua yaliandikwa watu wakiwa wanacheka pembeni.

Nilipokuwa mtoto nilikuwa kichekesho chako kwa kuwa nilikaa kwako. Sasa niko mbali, ninajilisha mwenyewe. Niache. Usiniulize tena habari ya dengu wala ya chakula. Huyo jirani kama ana njaa, ana bucha hapo mlangoni.

Mwanao


8 Julai

Mwanangu,

Barua nimeipata.

Sitauliza tena. Jirani anashukuru. Anasema ulizomfundisha zinamtosha.

Angalia chuma kisigeuke bluu. Kula vizuri kwa huyo mama.

Baba yako


2 Agosti

Mdogo wangu,

Telegramu ninajua ilikufikia, kwa sababu kiwanda kilijibu kwa niaba yako. Kwa hiyo la msiba unalijua. Tumemzika Baba Jumamosi, siku ya pili baada ya kututoka. Watu walikuwa wengi, na bucha zote za mtaa zilifungwa siku ile, hata zile ambazo alikuwa amegombana na wenye nazo.

Haya mengine ndiyo naandika sasa. Ukiona mwandiko umepinda, vumilia.

Jirani alikuwa Baba.

Ni figo. Mwezi wa pili miguu ilianza kuvimba, akasingizia viatu. Nilimburuta hospitali mwenyewe. Daktari akamwambia nyama basi, chumvi basi. Baba akamtazama yule daktari kijana, akamuuliza, "Unajua nafanya kazi gani?" Tulipofika nyumbani akaniambia, "Mtu asijue. Mwenye bucha asiyeweza kula nyama yake, nani atanunua?" Na kuhusu wewe akanishika mkono, akaniapisha. Akasema, "Akijua atarudi, na akirudi kazi ile hataipata tena." Mimi nikaapa. Nilidhani tuna muda. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na mimi nimemfichia.

Nilitaka kumpikia. Akakataa. Akasema yuko mtu katika nyumba hii aliyeijua kazi hiyo, atamuuliza yeye. Ndipo akakuandikia. Barua yako ya mapishi aliibandika ukutani juu ya jiko kwa unga uliokorogwa na maji. Baada ya zile zilizokuwa na mawe, nilimkuta amezimwaga kwenye gazeti, amevaa miwani, anazisogeza moja moja kwa kidole kilichovimba. Nikamwambia, "Baba, nipe nikusaidie." Akasema, "Yeye alisaidiwa na nani?"

Yale maneno ya moyo wa pekee aliyaandika jikoni, mimi nikiwa nimekaa naye. Hapakuwa na mtu anayecheka. Alichana karatasi mbili kabla hajapata ya kukutumia.

Habari ya kuchekesha watu ni kweli, na siwezi kuikana. Mteja mmoja alimkuta sokoni ananunua dengu, akashangaa kwa sauti, watu wakageuka. Baba akaona aibu, akaigeuza mzaha, akasema ni mwanawe Sungura amemwandikia aonje. Watu wakacheka, naye akacheka nao. Basi ikawa ndiyo njia yake ya kununua dengu bila kuulizwa. Alikuwa akirudi nyumbani ananiambia, "Leo tena nimemuuza mwanangu."

Usijitese kwa barua ile ya Juni. Uliandika ulichokijua. Sisi ndio tuliokunyima kujua zaidi.

Dada yako


25 Agosti

Dada,

Nimeisoma barua yako kazini, kisha nimeisoma chumbani. Sina la kukulaumu. Uliapa.

Siku ya telegramu msimamizi aliniita ofisini, akanipa, akanigusa bega. Akaniruhusu niondoke. Sikujua niende wapi, chumbani wenzangu walikuwa wamelala baada ya zamu ya usiku, basi nikaenda kwa yule mama mzee. Hata njaa sikuwa nayo. Akanifunulia sufuria kama kawaida. Nilitaka kumwambia, Dada, na nikagundua kwamba maneno yote ninayoyajua kwa lugha yao ni ya chakula. Najua bila nyama, najua maji, najua imetosha, asante. Neno la baba silijui. La kufa silijui. Nikasimama pale mlangoni mwa jiko nasema "asante, asante", machozi yanatoka, na yeye anadhani labda ni moshi. Mwishowe akazima moto. Akatoa vigoda viwili. Tukakaa hadi wateja wakaanza kugonga meza huko nje, na yeye hakuinuka.

Kurudi sasa haiwezekani mpaka mkataba uishe, nilishauliza. Kaburi nitalikuta nyasi zimeota.

Nina swali moja, na nakuomba unijibu kweli, hata kama ni mbaya. Umenificha vya kutosha. Barua yangu ya Juni ilipofika, nani alimsomea? Na siku ile alikula?

Mdogo wako


16 Septemba

Mdogo wangu,

Barua yako ninayo hapa mezani tangu juzi. Nimeanza kuijibu nikaacha, nikashona, nikarudi.

Nilimsomea mimi. Macho yake yalikuwa yamevimba, hakuweza tena. Nilipofika pale kwa fundi rangi nilianza kuruka, nikatunga maneno yangu, nikasema unamsalimu sana. Akaniambia, "Wewe ni fundi wa nguo, si wa uongo. Soma yote." Nikasoma yote. Nilipomaliza aliuliza tu kama mwandiko wako ulikuwa umetulia au umekimbia. Nikamwambia umetulia. Akasema, "Basi alifikiri kwanza. Ana haki." Kisha akaniambia nimpe kalamu, na majibu aliyaandika kwa mkono wake, ndiyo maana yalikuwa mafupi. Mkono haukumruhusu zaidi. Mimi nilitaka niongeze nyuma ya karatasi nikuambie ukweli. Akaifunga bahasha mwenyewe, akailalia.

Ungependa nikuambie alikula. Hakula.

Alikuwa amepika tangu mchana, kabla barua haijafika. Alijipakulia, akakaa na sahani mbele yake. Akachota kijiko kimoja, akakiweka mdomoni, akakirudisha. Aliitazama ile sahani muda mrefu, mpaka dengu zikapoa zikashikana. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hivi mimi nakosea wapi?"

Sikujua anauliza juu ya dengu au juu yako. Na yeye hakunitazama nipate kujua. Nikaogopa, nikajibu lile nililoliweza. Nikamwambia, "Moto ulikuwa mkali tu, Baba."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali. Akasema kesho ataupunguza.

Dada yako